Anakaa na Yaya

Siku hiyo mjinga alikuwa Évariste. Tuliseme mapema, msije mkahangaika kumtafuta mwingine mezani. Hata yeye ukimuuliza leo, pale kwenye kibanda chake cha ushonaji Marshalltown, atatoa pini mdomoni, atazichomeka moja moja kwenye ukosi wa shati, kisha atakwambia, "Mjinga nilikuwa mimi, kabisa kabisa. Wengine walikuwa wanakula tu."

Na kweli walikuwa wanakula. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa sita, huko Kensington, baridi kavu ile ya Johannesburg inayopasua midomo huku jua linawaka kama halihusiki. Moffat, kaka yake Maryanne, mtu wa benki, mwenye sauti ya chini na miwani iliyoning'inia shingoni hata kanisani, alikuwa ametoa meza kubwa barazani ili wageni waote jua. Mkewe Jennifer alitandika kitambaa cha sikukuu. Wazazi wa Moffat na Maryanne walikwisha kufariki huko Kenya, kwa hiyo Moffat ndiye aliyekuwa baba na ndiye aliyekuwa mama, na mwanamume yeyote aliyemtaka Maryanne alipaswa kupita mbele ya ile miwani.

Évariste alikuja na mtu wake mmoja, ambaye kwake alikuwa ukoo mzima. Dada yake Thérèse. Msusi, mwanamke mpana, mwenye kilemba kirefu kilichogusa fremu ya mlango. Ndiye aliyemtoa Bukavu akiwa kijana wa mkasi mmoja na viatu vya kuazima. Mbele za watu Évariste humwita "maman Thérèse", kwa kuwa alimlea, na hajawahi kufanya jambo kubwa bila kumtazama kwanza usoni.

"Karibuni, karibuni," Jennifer alisema. "Nilitaka kuwapikia pilau, lakini mwenye siku amekataa. Amesema piza."

"Jumapili saa nane ni piza," Maryanne alisema, akiweka chupa ya sosi ya nyanya katikati ya meza. "Évariste anajua."

Évariste akatabasamu kama mtu anayejua. Alichojua yeye kilikuwa ile sosi tu.

* * *

Sosi hiyo ndiyo iliyowaunganisha. Miezi minane nyuma Maryanne aliingia kibandani na gauni la bluu lililokatika zipu. Alifanya kazi Midrand, ofisi ya kusafirisha mizigo, na alikuwa na haraka ya watu wa Midrand. Évariste aliitengeneza zipu dakika kumi, kisha akaipindua, akaibomoa, akaitengeneza tena kwa nusu saa nzima ili mwenye gauni asiondoke. Alipokosa cha kubomoa alimkaribisha piza mtaa wa pili.

Piza ilipofika, Maryanne aliomba sosi. Akaimimina juu ya jibini, mistari myekundu, kwa utulivu wa mtu anayepiga pasi.

"Eh, dada," Évariste alisema. "Hiyo ni piza, si chipsi."

"Najua ni piza. Nimeishi Thailand miaka tisa, nikifundisha Kiingereza. Kule ukiagiza piza, sosi inakuja yenyewe, kwenye vipakiti. Wakisahau kuviweka, unawapigia simu kulalamika."

"Lakini kwa nini? Nyanya si tayari iko chini ya jibini?"

"Jibini lenyewe ndilo shida. Mfikirie mtu aliyekulia kwenye ndimu, pilipili na sosi ya samaki, halafu unampa jibini. Mdomo unaziba. Anatafuta kitu kichachu, kitamu, cha kumwamsha. Tena, nadhani, sosi ya chupa iliwafikia zamani kabla ya piza. Wanaikaangia hata wali. Kwao hiyo ndiyo ladha ya chakula cha kizungu. Piza ilipokuja ilikuta sosi imeshakaa kwenye kiti."

"Na mpishi hakasiriki?"

"Mpishi wa kule hamalizi chakula, Fundi. Kwenye meza ya tambi unakuta vikopo vinne: sukari, siki ya pilipili, sosi ya samaki, pilipili ya unga. Yeye anakuletea nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni ya mlaji. Na hakuna anayechungulia sahani ya mwenzake."

"Mimi nachungulia."

"Nimeona," Maryanne alisema. Aliinua macho. Yakakaa juu ya Évariste kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu, na fundi wa watu, aliyepima mabega ya nusu ya Marshalltown bila kuangusha hata pini, akaangusha uma.

Tangu siku ile alimtania kila wiki. Kila wiki Maryanne alimpa sababu nyingine. Sababu zote zilikuwa za kweli, lakini iliyo kubwa kuliko zote aliikalia.

Aliitoa mwezi wa tatu. Alikuja kibandani mchana wa mvua, hakuleta nguo, akaweka simu juu ya cherehani. Picha ya mtoto wa kike, nywele za kulala, shavu limepakwa sosi.

"Huyu ndiye Fon," alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Maana yake mvua. Nimetaka umwone kabla hujaamua lolote juu yangu."

"Eish, mzuri! Paji la uso ni lako kabisa. Yuko huko Thailand? Anakaa na nani?"

"Mchana anakaa na yaya. Jioni anakaa na nyanya."

"Na nyanya!" Évariste akapiga paja. "Ndiyo maana mnaimimina kwenye piza! Mtoto analelewa na nyanya!"

Maryanne alicheka mpaka akashika meza. "Nyanya ni mama wa baba yake, mjinga wewe."

"Basi sawa. Sikia nikwambie. Huyu mtoto ni wetu wote."

Kicheko kilikatika. "Unasema kweli, Fundi?"

"Kabisa. Nitamshonea rinda la kitenge. Na yaya wake pia nitamshonea, asije akaona wivu."

Hapo Maryanne alilia. Évariste akakata kipande cha bitana ya hariri, cha mteja, akamfuta machozi. Moyoni akajisifu kwamba anajua kuchekesha wanawake mpaka machozi. Akashona marinda mawili, dogo na kubwa, kitambaa kimoja chenye ndege wa manjano, yakatumwa. Na kila baada ya wiki aliuliza, "Yaya anasemaje?" Maryanne alijibu, "Yaya hajambo, ila anampa sosi nyingi mno."

Ukitaka kumcheka, mcheke sasa. Mbele huko nafasi ni ndogo.

* * *

Basi barazani Kensington, piza tatu zilikuwa zimefunuliwa, Moffat alikuwa ameomba sala fupi, na Maryanne alinyoosha mkono achukue chupa. Évariste akawahi. Akaipandisha juu kama kombe la mpira.

"Mzee Moffat, kabla hamjanipa huyu dada, nina malalamiko. Piza imepikwa na mtu aliyesoma. Imetoka motoni inapumua. Dada yenu anaifanyia hivi!" Akatikisa chupa hewani. "Nimuoe, au nimfungulie kesi?"

Jennifer alicheka. Hata Moffat, ambaye hakuwa amecheka tangu wageni wafike, alivua miwani akafuta macho. Thérèse akasema, "Huyu tangu utoto wake ni hivi. Hata kwenye kilio anachekesha." Maryanne alikuwa anamtazama Évariste kwa macho ya mtu aliyefika nyumbani.

"Nirudishie chupa yangu," alisema kwa upole. "Saa nane inakaribia."

"Ukisema tafadhali."

"Ngojeni," Moffat alisema. Aliirudisha miwani mahali pake. "Évariste, mimi sitazunguka. Mwanzoni sikukutaka. Nilitaka mtu wa kwetu, mtu ninayejua kwao ni wapi. Nikamwambia huyu, fundi wa Marshalltown ataweza nini? Akanieleza maneno uliyoyasema siku ile ya picha. Nikanyamaza. Wanaume wangapi wangesema hivyo? Wengi wakiona tu, wanakimbia."

"Nikimbie kwa sababu ya sosi, mzee?"

Wakacheka tena, maana walidhani ni unyenyekevu. Moffat akatikisa kichwa kwa heshima. "Unaona? Hataki hata kusifiwa. Basi, shemeji, nina zawadi. Karatasi za Fon zimetoka Ijumaa. Mwezi wa nane anapanda ndege."

Maryanne alikuwa anajua, lakini kulisikia mezani kulimfanya afunike mdomo.

"Fon anakuja!" Évariste akashangilia. "Na yaya naye?"

"Yaya wa nini tena? Akifika hapa tutamtafutia mwingine."

"Yaya mwingine!" Évariste akapiga meza. "Mzee, nawe unajua utani. Yaya anatafutwa wapi, sokoni?"

"Wapo wengi hapa Joburg," Jennifer alisema, kwa nia njema ya mwenye nyumba. "Tunaangalia tu awe msafi na asipende simu. Yule wa kule ni mzuri, lakini hawezi kuacha familia yake."

Évariste akaendelea kucheka, ila kicheko kilikuwa kimeanza kutafuta njia ya kutokea. Thérèse ndiye aliyeweka uma chini.

"Ngoja kwanza. Ni yaya gani munasemea? Kwetu yaya ni ndugu mukubwa. Dada mukubwa. Mimi ndiye yaya wa huyu."

"Aa, kumbe!" Jennifer alisema. "Kwetu yaya ni msichana wa kulea mtoto. Wa kuajiriwa."

Walitabasamu wote wawili, kama watu waliogundua kwamba wanaita sufuria majina tofauti. Kisha tabasamu la Jennifer likafa polepole, kwa sababu alikuwa ameutazama uso wa Évariste.

"Fon," Évariste alisema. Chupa ilikuwa bado mkononi. "Fon si mtoto wa dada yenu? Dada yenu aliyeolewa huko?"

"Dada yupi?" Moffat aliuliza. "Sisi tulizaliwa wawili."

Kwa jirani mbwa alibweka, akaacha. Maryanne hakumtazama kaka yake, hakumtazama Thérèse. Alimtazama Évariste peke yake, na alikuwa anasoma. Alisoma paji la uso, akashuka kwenye macho, akafika mdomoni. Alisoma kama mtu aliyepewa barua ambayo miezi yote alidhani ameshaisoma.

Simu ikaita.

Ilikuwa saa nane kamili, na huko saa moja ya jioni. Maryanne aliinuka, akaichukua chupa mkononi mwa Évariste, kidole kwa kidole, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimekaza. Akaisimamisha mezani, akaegemeza simu juu yake. Ndivyo alivyofanya kila Jumapili kwa miaka miwili. Mtoto ana piza yake kule, mama ana piza yake huku, wote wanamimina sosi, wanakula pamoja.

Kwenye kioo akatokea mtoto wa miaka saba, ndege wa manjano kifuani. Nyuma yake msichana mmoja mnene alikuwa anafungua boksi, naye amevaa ndege wale wale, na rinda lilimkaa vizuri ajabu kwa nguo iliyopimwa kwa kukisia.

"Mummy, yupo?" mtoto aliuliza kwa Kiingereza. "Nimefanya mazoezi."

Maryanne aligeuza simu kidogo. "Yupo, mpenzi."

Fon akakaa wima. Akaunganisha viganja kifuani, akainamisha kichwa, ile salamu ya kwao. Kisha akafungua mdomo, na yaliyotoka hayakuwa ya Thailand wala ya Kenya.

"Jambo, papa Évariste."

Papa. Kama watoto wa Bukavu. Maryanne alimfundisha hivyo, silabi kwa silabi, Jumapili baada ya Jumapili, ili mwanamume asikie lugha ya kwao kutoka kwa mtoto asiyefanana naye.

Jibu lake ni jepesi. Mtoto wa miaka mitatu huko Bukavu analijua. *Jambo sana, maman*, maana huko hata mtoto wa kike huitwa mama. Évariste alilitafuta. Alilisikia kabisa ndani ya kichwa, kwa sauti ya marehemu mama yake. Lakini halikutoka. Ilipita sekunde moja, ikapita ya pili. Akatazama pembeni, akamtazama Thérèse. Ndiyo desturi yake, kabla ya jambo kubwa. Thérèse alikuwa ameinamia sahani.

Sekunde ya tano mtoto akageuka. "Mummy, nimekosea?"

"Hujakosea, mpenzi," Maryanne alisema. "Umesema vizuri sana. Mtandao tu. Umekata. Mimina sosi tule."

Fon akararua kipakiti kwa meno. Maryanne akachukua chupa, simu ikalala kidogo, akaiegemeza kwenye glasi. Akamimina. Akakata kipande, akala, akatafuna, akameza. Alikula vipande viwili vizima mbele yao wote, akiuliza habari za shule na jino lililong'oka, na hakuna mtu mwingine pale mezani aliyegusa chakula.

Simu ilipozimwa, Moffat alivua miwani. "Bwana Évariste," alisema. Lile neno shemeji alikuwa ameshaliondoa mezani. "Nadhani nyinyi wawili muongee nje."

"Mwacheni kwanza mimi nimuambie," Thérèse alisema. Sauti yake haikuwa ya ukali. Hilo ndilo lililotisha. "Évariste, dada huyu ni muzuri, sina neno naye. Lakini mutoto wa mwanaume mwingine? Umesahau Papa Bakiri? Umesahau sanduku la mikate?"

"Maman, tafadhali."

"Mimi sijasahau," alisema, akavuta kitenge begani, akaenda kukaa garini.

* * *

Ukuta wa Moffat ulikuwa mrefu, na waya wa umeme juu yake ulikuwa unalia tiki, tiki. Walisimama getini, yeye na Maryanne, hatua moja kati yao.

"Uliniambia anakaa na yaya," Évariste alisema.

"Ndiyo. Anakaa na yaya."

"Sasa mimi ningejuaje? Kwetu..."

"Kwenu nimeshasikia. Dada yako ameeleza vizuri."

"Ungesema mwanangu. Basi. Neno moja, Maryanne. Mwanangu."

"Nilikaa wiki mbili nikilitafuta mdomoni. Nilikuja na picha kwa sababu mdomo ulikataa. Nikasema huyu ndiye Fon. Wewe ukasema ni wetu wote." Alishika nguzo ya geti. "Unajua nilifanya nini nilipofika nyumbani siku ile? Nililala. Tangu baba yake aanguke na pikipiki, tangu shule ikatae kuniongezea mkataba nikaondoka mwanangu ameshika suruali yangu, ile ilikuwa mara ya kwanza kulala mpaka asubuhi. Nilisema, yupo mtu mmoja duniani nimemwambia, na hakushtuka."

"Nakupenda."

"Najua."

"Si mtoto ninayemwogopa." Évariste alisema. Kwa mara ya kwanza tangu Maryanne amjue, hakukuwa na mzaha popote usoni mwake. "Baba yetu alipokufa, mama aliolewa na mtu. Papa Bakiri. Mikate aliifungia kwenye sanduku la bati, na ufunguo kiunoni. Watoto wake wakila, sisi tunasikia bati likifunguka. Anasema, nyinyi ni wa marehemu, mwendeeni marehemu. Thérèse alikuwa anaokota makombo kitambaani, ananipa mimi, yeye anakunywa maji. Sasa yule mtoto amesema papa... nikasikia bati. Naogopa isiwe mimi ndiye nitakayefunga ufunguo."

Maryanne alifumba macho. Alipoyafungua yalikuwa yamejaa. Akapiga ile hatua moja iliyobaki kati yao. Mkono wake ukapanda kwenye kola ya shati la Évariste, palipokuwa na uzi mweupe, kwa kuwa fundi hata Jumapili hakosi uzi, akauondoa taratibu.

"Mtu anayesikia bati," alisema kwa sauti ndogo, "hawezi kuwa ndiye anayelifunga. Fundi, ungeniambia haya siku ya picha, ningekuambia na langu lote."

Walikuwa karibu sana. Harufu ya pasi na sabuni kwenye shati lake, joto la pumzi yake kwenye baridi ile. Laiti Évariste angenyamaza. Kuna fundi anayemaliza gauni, limekaa, mteja anatabasamu kwenye kioo, kisha yeye anasema ngoja nipunguze hapa kidogo, mkasi unapita katikati ya mgongo. Évariste aliliona tumaini, akataka kulipunguza kidogo likae vizuri.

"Basi nipe muda," alisema kwa haraka. "Mwaka mmoja tu. Tufunge ndoa, tukae wawili, nizoee. Maman Thérèse naye atalainika. Kwani kwa nyanya yake pale ana shida gani? Ameshazoea."

Mkono ulishuka kutoka kwenye kola.

"Mwezi wa nane anakuja."

"Tiketi inaahirishwa."

"Tiketi inaahirishwa, ndiyo. Fon ameshaahirishwa mara ngapi, unajua? Nilimwambia Krismasi. Nikamwambia Pasaka. Sasa nimwambie asubiri papa azoee?"

"Usinigeuzie maneno!"

"Sigeuzi. Nayarudia kama ulivyoyasema."

Thérèse alipiga honi mara moja, fupi. Barazani Jennifer alikuwa anakusanya sahani, piza zimeganda jibini juu. Évariste alihisi kitu kinamponyoka, na mtu anayeponyokwa hupandisha sauti.

"Kwa hiyo ndiyo hukumu? Miezi minane, Maryanne! Nimekushonea, nimekungoja, nimekaa na kaka yako anayenitazama kama chenji pungufu, halafu naachwa kwa ajili ya neno? Yaya! Neno moja la kijinga, huku lina maana hii, kule maana ile! Kosa ni la lugha! Kama ungekuwa wa Bukavu, au mimi wa kwenu, leo tungekuwa tunakunywa chai pale ndani!"

Akaendelea, sauti ikivunjika, mikono imefunguka kama anampima hewani.

"Basi tuanze upya. Sasa hivi. Leta simu, niwekee picha kama siku ile. Nieleze polepole, neno kwa neno, Kiswahili cha kwenu, nami nitasikiliza, sitacheka. Niulize tena. Mimi nitajibu vizuri. Fon ni nani? Nieleze!"

Maryanne alikuwa ameshaingia ndani ya geti. Aliuzungusha kidoleni ule uzi mweupe mpaka ncha ya kidole ikawa nyeupe pia, akaukata.

"Neno nimeshakueleza, Évariste," alisema. "Uso wako ndio haukuhitaji mkalimani."